Chakula cha Wakati wa Njaa: Historia ya Ketoni, Kutoka Prague Hadi Kigali

Mwaka 1904 yalitoka Ujerumani maandiko mawili ambayo huenda hakuna mtu aliyeyasoma kwa pamoja. La kwanza ni Caput Nili, kitabu cha daktari Richard Kandt, aliyekuwa ametembea miaka kadhaa katika nchi ya Rwanda akitafuta chimbuko la mto Nile. La pili ni kazi ya Franz Knoop, mtaalamu kijana wa kemia ya mwili, aliyewalisha mbwa mafuta yaliyofungwa kipande cha kemikali ambacho mwili hauwezi kukiunguza, kisha akachunguza mkojo wao ili ajue mafuta yale yamekatwa vipi.

Kandt alirudi Rwanda akiwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani, na mwaka 1907 akaanzisha makao yake juu ya kilima ambacho leo ni sehemu ya jiji la Kigali. Knoop alibaki maabara na kutoa jibu lake: mwili huyakata mafuta vipande vya kaboni mbili mbili, mpaka yaishe. Jibu hilo lilikuwa mlango wa kueleza jambo ambalo binadamu amelijua tangu aanze kukosa mavuno bila kuweza kulieleza, yaani jinsi mtu anavyoweza kukaa wiki nyingi bila chakula na bado akawa na akili timamu. Katika miaka 40 iliyofuata, watu wa nchi aliyoikalia Kandt walipitia njaa kubwa, na miili yao ilifanya kila siku kile ambacho Knoop alikuwa akikitafuta kwenye mkojo wa mbwa.

Kitu chenyewe huitwa ketoni. Ni molekuli ndogo tatu zinazotengenezwa na ini kutokana na mafuta: asetoasetati, beta-hidroksibutirati na asetoni. Mbili za kwanza ni nishati. Ya tatu ni masalio yanayotoka kwa pumzi na mkojo. Molekuli hizi humbeba mwenye njaa, na hizohizo humuua mtoto mwenye kisukari aliyekosa insulini. Historia yake ni historia ya jinsi wanasayansi walivyoutambua kwanza upande wa kifo, kisha, baada ya zaidi ya miaka 100, upande wa uhai.

Harufu kwenye pumzi

Habari ya ketoni ilianzia puani. Mwaka 1857, mjini Prague, Wilhelm Petters alichunguza mkojo wa mgonjwa wa kisukari aliyekuwa amepoteza fahamu, akakuta ndani yake asetoni, kimiminika chenye harufu kali inayokaribia ya tunda lililoiva kupita kiasi. Mwaka 1865 Carl Gerhardt alidondosha kloridi ya chuma kwenye mkojo wa wagonjwa kama hao, ukabadilika rangi ukawa mwekundu wa kukoza. Kulikuwa na kitu kingine mle ndani zaidi ya asetoni. Baadaye kilijulikana kuwa ni asetoasetati.

Mwaka 1874, mjini Freiburg, Adolf Kussmaul aliandika jambo ambalo mpaka leo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kulitambua kwa macho. Alikuwa na wagonjwa watatu wa kisukari waliokuwa wakifa. Njia zao za hewa zilikuwa wazi, na hewa ilifika hadi chini kabisa ya mapafu. Hata hivyo walikuwa wakivuta pumzi ndefu, za kina, zenye sauti, moja baada ya nyingine bila kupumzika, kifua chote kikipanda na kushuka, huku mwili ukizidi kudhoofika. Kisha wakapoteza fahamu na kufa. Kussmaul aliona kwamba kasoro haikuwa kifuani. Damu ndiyo iliyokuwa ikiusukuma mwili uhangaike hivyo.

Katika miaka ya 1883 na 1884 Ernst Stadelmann, Eduard Külz na Oskar Minkowski waliipata molekuli iliyobaki, beta-hidroksibutirati, na sababu ya pumzi ile ikaanza kueleweka. Ketoni mbili kati ya tatu ni asidi. Zikijaa kwenye damu, damu huwa kali, na mwili hujaribu kuipunguza asidi hiyo kwa kutoa hewa ya kaboni kupitia mapafu. Miaka michache baadaye, mwaka 1889, Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho huko Strasbourg, na mbwa akapata kisukari kikali. Ikajulikana kwamba kongosho hutoa kitu fulani kinachouzuia ugonjwa huu.

Kwa hiyo wakati Kandt anaweka makazi yake Kigali, madaktari wa kwao waliijua ketoni kuwa dalili ya kifo. Walizihesabu kuwa sumu, uchafu wa ugonjwa. Ila wachache walikuwa wameanza kuona jambo la ajabu: hata mtu mzima wa afya, akifunga kula siku kadhaa, mkojo wake hutoa asetoni. Mwaka 1906, huko Frankfurt, Gustav Embden alipitisha damu kwenye ini lililotolewa mwilini mwa mbwa, na ini lile likatengeneza ketoni. Sasa kiwanda kilikuwa kimejulikana, lakini swali likabaki bila jibu. Kwa nini ini la kiumbe mwenye afya litengeneze sumu?

Toronto, Januari 1922

Kabla ya jibu kupatikana, watoto waliendelea kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto aliyegundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza alikuwa na miezi michache ya kuishi, pengine mwaka mmoja au miwili. Huko Marekani, Frederick Allen aliwapa wagonjwa wake lishe ya njaa: kalori chache mno, wanga kidogo sana. Baadhi yao walisogezewa siku mbele, lakini waliishi wakiwa mifupa mitupu, na wengine walikufa kwa njaa yenyewe.

Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya maji ya kongosho la ng'ombe yaliyotayarishwa na Frederick Banting na Charles Best. Alikuwa na uzito usiozidi kilo 30, na pumzi yake ilinuka asetoni. Sindano ile ilishusha sukari kidogo, lakini ketoni zilibaki mkojoni, na mahali pa sindano pakafanya jipu. Kwa siku 12 zilizofuata James Collip aliyasafisha maji yale upya. Tarehe 23 Januari Thompson alichomwa tena. Safari hii sukari ilikaribia kuisha kwenye mkojo wake, na ketoni zikatoweka kabisa.

Inafaa kulikumbuka tukio hilo jinsi lilivyokuwa. Watu wengi husema insulini, yaani dawa iliyokuwa ndani ya maji yale, ilishusha sukari, na ni kweli. Lakini sukari peke yake haikuwa ikimwua Thompson kwa siku zile. Asidi ya ketoni na kukaukiwa maji ndivyo vilivyomweka mlangoni mwa kifo, na vilipoondoka, kijana akainuka. Aliishi hadi mwaka 1935. Banting, Best na Collip waliuza haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili dawa hiyo isiwe mali ya mtu. Leo, miaka 100 na zaidi baadaye, bado wako watoto Afrika wanaokufa kwa kukosa dawa iliyouzwa kwa dola moja.

Rumanura na Ruzagayura

Nchini Rwanda kizazi kile kilikuwa kikiona upande wa pili wa ketoni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, majeshi yalipita na kula akiba za watu, wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi, na kati ya 1916 na 1918 njaa iliyoitwa Rumanura ikaikumba nchi, hasa kaskazini magharibi. Wabelgiji wakachukua utawala.

Baadaye ikaja nyingine, kubwa zaidi. Mwaka 1943 mvua zilikosekana, ugonjwa ukaangamiza viazi, na hayo yakatokea wakati utawala wa kikoloni ukiwalazimisha watu kufanya kazi za vita na kupeleka chakula kwenye migodi ya Kongo. Watu waliiita Ruzagayura. Oktoba mwaka huohuo Mwami Mutara III Rudahigwa alibatizwa kwa sherehe kubwa, huku vilimani watu wakichimba mizizi. Njaa iliendelea hadi mwaka 1944. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana: ya watawala yalikuwa makumi ya maelfu, na mengine yanafika 300,000. Wengine wengi walivuka mpaka kwenda Uganda na Kongo kwa miguu.

Hao waliovuka mpaka ndio wa kuwatafakari. Mtu asiyekula hubaki na akiba ndogo sana ya wanga. Ini huhifadhi chini ya gramu 100 hivi, na ubongo peke yake hutumia gramu 100 hadi 120 za glukosi kwa siku. Akiba hiyo huisha kati ya siku moja na mbili. Baada ya hapo mwili unaweza kutengeneza glukosi kutokana na protini za misuli, lakini kama ubongo ungeendelea kuitegemea glukosi tu, misuli ingeliwa upesi, pamoja na ile ya kupumua na ya moyo, na mtu angekufa katika wiki mbili au tatu. Hata hivyo watu walitembea siku nyingi wakiwa na njaa, wakibeba watoto, wakikumbuka njia na majina ya jamaa waliowaendea ng'ambo ya mpaka. Ubongo wao ulikuwa ukilishwa na kitu fulani. Hakuna daktari aliyewapima damu, na sayansi ilikuwa bado miaka 20 na zaidi nyuma ya miili yao.

Ini lipikalo lisionje

Jibu lilianza kukamilika mjini Munich. Mwaka 1951 Feodor Lynen alionyesha umbo la kile kipande cha kaboni mbili ambacho Knoop alikuwa amekiona kwa mbali: asetili iliyobebwa na molekuli iitwayo koenzaimu A. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaeleza njia yote ambayo ketoni hutengenezwa.

Njia yenyewe ni hii. Mtu asipokula, insulini hushuka, na mafuta yaliyowekwa chini ya ngozi na tumboni huachiliwa kwenye damu. Ini huyavuta na kuyakatakata ndani ya mitokondria kuwa vipande vya asetili-koA. Kwa kawaida vipande hivyo huunguzwa palepale, lakini vinapozidi, vitatu kati yake huunganishwa na kuwa molekuli kubwa zaidi iitwayo HMG-koA. Kisha kimeng'enya kingine huikata, na asetoasetati hutoka. Sehemu kubwa ya asetoasetati hugeuzwa kuwa beta-hidroksibutirati, ambayo husafiri kwenye damu bila kuhitaji chombo cha kuibeba. Kiasi kidogo huvunjika chenyewe kuwa asetoni na kutoka kwa pumzi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ini lenyewe haliwezi kuzitumia ketoni. Limenyimwa kimeng'enya cha kuzifungua. Ni mpishi anayepika chungu kizima kwa ajili ya nyumba, naye haruhusiwi kuonja. Kila linachotengeneza huenda kwa wengine: moyo, figo, misuli, na hatimaye ubongo.

HMG-koA hiyohiyo, ikitengenezwa nje ya mitokondria, hufuata njia nyingine na kuwa kolesteroli. Ndiyo njia ambayo dawa za statini huizuia kwa wagonjwa wa moyo, na kwa kazi ya kufumbua mambo haya Lynen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 pamoja na Konrad Bloch. Uhusiano huo wa karibu kati ya kuunguza na kujenga una maana kubwa kwa mtoto mchanga. Maziwa ya mama yana mafuta mengi, na mtoto anyonyaye huwa na ketoni kwenye damu hata akiwa ameshiba. Mwaka 1974 John Edmond alionyesha kwamba panya wachanga hutumia ketoni kama malighafi ya kujengea kolesteroli na mafuta ya ubongo unaokua. Ketoni iliyohesabiwa kuwa sumu kumbe ni tofali.

Boston, 1967

Bado kulikuwa na swali la ubongo. Vitabu vyote vilisema ubongo hula glukosi tu. Huko Boston, Oliver Owen na George Cahill pamoja na wenzao waliwachukua wagonjwa watatu wanene waliokuwa wakifunga hospitalini kwa wiki tano hadi sita ili wapunguze uzito, wakipewa maji, chumvi na vitamini tu. Waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo unaotoa damu kichwani, wakalinganisha damu inayoingia ubongoni na ile inayotoka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Baada ya wiki hizo za kufunga, ketoni ndizo zilizokuwa chakula kikuu cha ubongo. Glukosi ilikuwa imeshuka na kuwa sehemu ndogo tu. Kwa sababu hiyo misuli haikulazimika kuvunjwa kwa kasi. Protini iliyokuwa ikipotea kiasi cha gramu 75 kwa siku mwanzoni mwa njaa ilipungua hadi gramu 20 hivi. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba mtu wa kawaida anaweza kukaa karibu miezi miwili bila chakula, mradi ana maji. Ketoni hulinda misuli yake na kuuweka ubongo wake macho. Kile walichokifanya watu wa Ruzagayura kilikuwa sasa kimeandikwa kwa tarakimu.

Kwa nini basi ketoni zile hazikuwaua kwa asidi? Mwenye njaa hana insulini nyingi, lakini anayo kidogo. Kidogo hicho hutosha kuyazuia mafuta yasiachiliwe yote kwa mara moja. Mwaka 1977 Denis McGarry na Daniel Foster, huko Dallas, waliigundua breki nyingine iliyo ndani ya ini: molekuli iitwayo malonili-koA, ambayo hufunga lango la mitokondria wakati mtu ameshiba, na lango hufunguka insulini inaposhuka. Katika njaa lango hufunguka kwa kipimo. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambako chembe za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibiwa, hakuna wa kulizuia. Mafuta humwagika, ini hutengeneza ketoni bila kusita, na damu huwa asidi. Sukari nayo, ikishindwa kuingia kwenye seli, huvuta maji mengi kupitia mkojo. Kinachomtenganisha anayeokolewa na ketoni na anayeuawa nazo ni tone la insulini.

Dar es Salaam, kisha Kigali

Katika Afrika Mashariki vifo hivi vilianza kuhesabiwa kwa makini Dar es Salaam. Kati ya 1981 na 1987, Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao waliwafuatilia wagonjwa wapya wa kisukari zaidi ya 1,200 katika hospitali ya Muhimbili, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Waliohitaji insulini walikufa mapema, na miongoni mwa sababu kubwa ilikuwa asidi ya ketoni, jambo ambalo katika nchi zenye dawa za kutosha lilikuwa limekwisha kuwa nadra. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa ng'ambo.

Nchini Rwanda mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalivunja hata kile kidogo kilichokuwapo. Madaktari na wauguzi waliuawa au walikimbia, hospitali ziliporwa, dawa zikaisha. Anayehitaji sindano kila siku ili aishi hawezi kungoja amani irudi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, mjini Kigali, watu wenye kisukari wenyewe waliunda Chama cha Wagonjwa wa Kisukari cha Rwanda, na François Gishoma, aliyekuwa akiishi na ugonjwa huo, akakiongoza. Nchi ilikuwa na mayatima, wajane na magofu. Kuunda chama cha kudai insulini wakati huo lilikuwa tendo la imani kubwa kwamba watoto wa Rwanda wataishi wakue.

Kupitia chama hicho, mpango wa kimataifa wa Life for a Child ukaanza kupeleka insulini, sindano na vifaa vya kupimia kwa watoto na vijana. Gishoma na wenzake walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh kuwahesabu vijana wenye kisukari na kupima wastani wa sukari yao wa miezi kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wastani huo ulishuka walipopata huduma ya mpangilio na mafunzo. Vijijini, shirika la Inshuti Mu Buzima, lililofika Rwanda mwaka 2005, lilisaidiana na Wizara ya Afya kuwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kama Rwinkwavu, Kirehe na Butaro kuwatibu wagonjwa wa kisukari kikali, kazi ambayo zamani ilimngoja daktari bingwa wa Kigali. Bima ya jamii ya Mituweli iliwapunguzia wengi mzigo wa gharama. Mwaka 2022, mjini Lomé, nchi za Afrika katika Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa PEN-Plus unaofuata njia hiyohiyo ya kushusha huduma hadi wilayani.

Michezo nayo iliguswa na historia hii. Mwaka 2011 mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda yalimalizika kwa ushindi wa Kiel Reijnen wa Team Type 1, timu iliyoanzishwa na Phil Southerland, Mmarekani anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miezi saba. Miaka 14 baadaye, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na waendeshaji bora wa dunia wakapanda vilima vya jiji hili mbele ya maelfu ya watu. Wakati huo baadhi ya timu zilikuwa zikinunua kwa bei kubwa vinywaji vya ketoni, vilivyotokana na utafiti wa Kieran Clarke wa Oxford na Richard Veech. Oktoba mwaka huohuo shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilitangaza kwamba halipendekezi vinywaji hivyo, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba vinasaidia. Molekuli ambayo ini la mwenye njaa huitengeneza bure ilikuwa imegeuka bidhaa ya anasa.

Kwenye kituo cha afya

Leo ujuzi wote huu, kuanzia pua ya Petters hadi mrija wa Boston, unaingia kwenye kijiti cha karatasi. Muuguzi wa kituo cha afya hukichovya kwenye mkojo wa mtoto, hukikung'uta, kisha hungoja sekunde chache. Kisanduku cha ketoni kikibaki na rangi yake hafifu, kijiti hakijaona ketoni. Kikigeuka waridi kisha zambarau iliyokoza, na kile cha sukari nacho kikabadilika, mtoto yule hapaswi kurudishwa nyumbani hata kwa saa moja. Anahitaji dripu ya maji ya chumvi, insulini, na kupimwa potasiamu, kwenye hospitali iliyo karibu. Muuguzi mwenye uzoefu anajua pia kwamba kijiti hicho hupima asetoasetati tu. Mtoto anapoanza kupona, beta-hidroksibutirati hugeuka kuwa asetoasetati, na rangi inaweza kukoza zaidi kwa muda ingawa hali inatengenezeka. Humtazama mtoto, anavyopumua na anavyojibu anapoitwa, kabla ya kuiamini rangi.

Shida kubwa iko kabla ya kijiti. Mtoto anayepumua kwa kina na kulegea huonekana ana nimonia. Anayetapika na kuumwa tumbo hudhaniwa ana malaria au minyoo. Anayekonda ghafla husemwa amerogwa, au hupimwa ugonjwa mwingine. Wako watoto waliokufa wakiwa wametibiwa malaria ambayo hawakuwa nayo.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, walioko Nyamirambo na Biryogo mjini Kigali ambako lugha hii imezungumzwa tangu enzi za wafanyabiashara wa pwani, na walioko Dar, Mombasa, Kampala au Bukavu, liko jambo moja zaidi. Mfungaji mwenye afya hana la kuogopa kutokana na ketoni: saa za mchana wa Ramadhani huongeza ketoni kidogo tu, na mwili wake huzitawala. Lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kamwe asiache insulini kwa kuwa hajala. Kuacha insulini kwa sababu ya kutokula ndiyo njia ya mkato kuelekea kwenye asidi.

Kwa hiyo, mzazi, mwalimu, mhudumu wa afya wa jamii: mtoto akianza kunywa maji kupita kawaida, akakojoa mara kwa mara au kurudia kukojoa kitandani, akakonda huku anakula, usingoje. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na uombe kwa jina kipimo cha sukari. Ikiwa pumzi yake inanuka tunda na anavuta hewa kwa kina, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na kwa wanaopanga bajeti za afya katika nchi zetu: hakikisheni insulini na vijiti vya kupimia havikosekani kwenye kituo chochote cha wilaya, mwaka mzima. Dawa imekuwapo tangu Januari 1922. Kinachobaki ni kuifikisha.